Trekta la kikundi: hesabuni siku za kazi kabla ya kuhesabu ekari

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima, naishi Kibaigwa wilayani Kongwa. Kikundi chetu kina watu 11 na mashamba yetu yako Kiteto, jumla yake ekari 140 za mahindi na alizeti. Kila mwaka tunalimiwa na trekta la kukodi kwa shilingi 50,000 kwa ekari, na kila mwaka tunachelewa kwa sababu mwenye trekta anaanza na wenye mashamba makubwa. Tumeweka akiba, imefika shilingi milioni 38. Dalali ametuonyesha Massey Ferguson 290 la mtumba na jembe lake la sahani tatu, anataka milioni 36. Wenzangu wanasema tulipe kabla halijachukuliwa. Marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye matrekta ya Mwingereza hapa Kongwa, na alikuwa akituambia trekta ni mali ya kuozea porini. Tununue au tuache?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwa hali mliyoieleza, msilinunue trekta hilo mwaka huu. Sisemi hivyo kwa kuwa trekta ni kitu kibaya. Nimefanya kazi ya zana za kilimo karibu maisha yangu yote na sitaki kuona mtu mwingine anazeeka ameinamia jembe la mkono. Nasema hivyo kwa sababu shida yenu ni kuchelewa, na hizo milioni 36 zinaweza kwisha bila kuitibu.

Nianze na babu yako, maana alichokiona ni kweli na kina somo ambalo bado linatuhusu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, wakiwa na mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Ulaya ilikuwa imetoka vitani na haina mafuta ya kula. Walikusanya matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka ng'ambo ya mbali kama Ufilipino. Hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mwaka ule wa kwanza haukuisha kabla theluthi mbili hivi ya mashine hazijaharibika. Udongo wa Kongwa unaujua wewe kuliko mimi: mvua ikikata, unakuwa kama sakafu ya saruji, na mchanga wake unalamba chuma cha jembe kama tupa. Mibuyu nayo haikung'oka kirahisi. Mafundi walikuwa wachache, spea ziko baharini, na mvua ya Kongwa haikufuata ratiba iliyoandikwa London. Januari 1951 mpango ulifungwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea.

Sasa simama kando ya barabara pale Kibaigwa mwezi Novemba. Utayaona matrekta yanapita moja baada ya jingine kuelekea Kiteto na majembe yamening'inia nyuma, mengi yao ni ya watu binafsi. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni mambo yanayolizunguka trekta. Kuna soko la mahindi hapo Kibaigwa linalonunua mzigo wa malori. Kuna viwanda vya kukamua alizeti Dodoma na Singida. Vibarua wamekuwa ghali na hawapatikani kwa wingi, kwa kuwa vijana wana bodaboda na machimbo. Mashamba mengi yameshang'olewa visiki na watu waliotangulia, na hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu sahani moja ikigonga kisiki mmepoteza siku nzima. Halafu mwenye trekta alilinunua kwa fedha yake au kwa mkopo anaoulipa mwenyewe, kwa hiyo likizima saa nane mchana anamtafuta fundi saa nane na nusu.

Ndiyo maana naamini trekta huja kwa kuvutwa. Linavutwa na soko, na uhaba wa watu wa kulima, na ardhi iliyokwisha kusafishwa. Likisukumwa kutoka juu kabla ya hayo kuwepo, linaozea porini kama alivyosema babu.

Nchi yetu imelisukuma mara nyingi. Kibaha, miaka ya 1980, kulikuwa na kiwanda cha kuunganisha matrekta ya Valmet kwa ushirikiano na Finland. Hanang, Wakanada walisaidia kuanzisha mashamba ya ngano yaliyolimwa kwa mashine kuanzia kupanda hadi kuvuna, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia, na lile doa la ardhi halijafutika. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kuinua kilimo. Kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka India, matrekta ya Farmtrac na New Holland yakaletwa na kuuzwa kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa. Mengi yamefanya kazi, nimeyaona. Lakini wako waliochukua kwa mkopo kwa kuwa walikuwa na jina, bila kuwa na kazi ya kuyapa, na madeni yakadaiwa miaka na miaka. Halafu tukarudi tena Kibaha, safari hii na matrekta ya URSUS ya Poland. Malalamiko ya ubovu yalifika hadi bungeni, na mwaka 2021 kampuni mama huko Poland ikatangazwa kufilisika. Ukiwa na trekta ambalo kiwanda chake kimefilisika, kila spea inakuwa safari. Hapo wenzako wamechagua vizuri: spea za Massey Ferguson unazipata mpaka kwenye maduka ya mji mdogo, na mafundi wengi wamelijua wakiwa watoto wa gereji.

Pawatila, yaani vile vitrekta vya magurudumu mawili vya kushika kwa mikono, navyo vina habari yake. Baada ya 2009 halmashauri nyingi ziligawa pawatila, hata kwenye wilaya kavu zenye udongo mgumu kama wa kwenu. Mashine ya nguvu farasi 12 au 15 haina ubavu wa kupasua udongo huo. Nyingi zikaegeshwa. Lakini nenda Mbarali, au Dakawa kule Mvomero: kwenye majaruba ya mpunga, pawatila inavuruga tope vizuri, na msimu ukiisha inafungwa tela na kubeba magunia na matofali. Kilimo cha Bangladesh kilijengwa na mashine hizi hizi. Mwaka 1988 mafuriko na kimbunga viliua ng'ombe wengi wa kulimia, serikali ikalegeza masharti ya kuingiza injini na pawatila za Kichina, na leo sehemu kubwa mno ya ardhi yao inalimwa kwa mashine. Wengi wa wakulima hao hawana mashine. Mmoja anayo, anawalimia majirani hamsini, na injini ile ile inapampu maji kiangazi. Vishamba vyao vimebanana, hivyo kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni dakika chache. Mashine moja inapata kazi karibu mwaka mzima.

Hapo ndipo naomba msikilize kwa makini. Trekta linakula fedha hata likiwa limesimama: tairi zinapasuka kwa jua, sili zinakauka, betri inakufa, na thamani inashuka. Kinachorudisha fedha ni siku linazofanya kazi.

Tupige hesabu kwa bei yenu. Jembe la sahani tatu kwenye udongo wa Kiteto litakunywa kama lita 7 za dizeli kwa ekari. Nikiweka lita kwa shilingi 3,000, ni 21,000. Dereva na utingo wake, 5,000 kwa ekari. Oili, filta, sahani, tairi na matengenezo, tenga 8,000, na kwa trekta la mtumba mtu mwoga angetenga zaidi. Jumla 34,000. Kwenye ile 50,000 inabaki 16,000. Kwa ekari zenu 140, mnaokoa shilingi 2,240,000 kwa mwaka. Gawanya milioni 36 kwa hiyo: miaka 16. Trekta la mtumba halitawasubiri miaka 16.

Mtasema mtalima na kwa watu. Sawa. Trekta la namna hiyo linalima ekari 8 kwa siku, siku nzuri 10. Msimu wenu wa kulima ni mfupi. Ukitoa siku za mvua kubwa ambazo tairi zinazama, siku za ubovu, na siku za kusafiri kutoka shamba hadi shamba, mkipata siku 30 za kazi kamili mshukuru Mungu. Ni ekari 240. Faida yake ni 3,840,000. Bado mna zaidi ya miaka tisa.

Wenye matrekta wanaofanikiwa huko kwenu wanafanya mambo mawili. La kwanza wanafuata mvua: wakimaliza Kiteto wanashuka Handeni au wanapanda Babati kwa ajili ya masika, hivyo msimu mmoja unakuwa miwili. La pili, hawategemei jembe peke yake. Shafti ya nyuma ya trekta inazungusha mashine ya kupukuchulia mahindi, na tela linabeba mavuno hadi sokoni. Kwa mfano, mkipukuchua magunia 3,000 kwa msimu na kila gunia likawaachia 1,000 safi, ni milioni 3, kwa kazi ambayo haivunji sahani wala haichoshi gia. Ongeza kwenye ile ya kulima, mnafika 6,840,000, na miaka inashuka mpaka mitano na kidogo, hata kabla ya kuhesabu tela. Trekta la namna hiyo naweza kuliunga mkono. Lakini kwa milioni 38 mkinunua trekta na jembe kwa 36, zinabaki milioni mbili. Mashine ya kupukuchulia mtainunua na nini? Tela je? Na klachi ikiungua wiki ya kwanza?

Niliwahi kukishauri kikundi kimoja, sitakitaja, kilichonunua trekta kwa akiba yake yote namna hiyo. Lilifanya kazi vizuri siku kumi na mbili. Klachi ikaisha. Hawakuwa na fedha ya klachi, wakaanza kuchangishana, wengine wakagoma kwa kuwa mashamba yao yalikuwa bado hayajalimwa na ya viongozi yalikuwa yamekwisha. Trekta lilikaa chini ya mkwaju msimu mzima. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu niliwasaidia kukagua injini na sikuwauliza swali la nani ataanza kulimiwa.

Nyinyi nawauliza mapema. Ekari 140 kwa ekari 8 kwa siku ni siku 18 bila ubovu wowote. Mtu wa kumi na moja atasubiri wiki mbili na nusu huku mvua za kwanza zinapita. Kwenu mvua ni ya shida, wiki moja ya kuchelewa kupanda mahindi inaonekana kwenye ghala. Kwa hiyo trekta likiwa lenu, bado kuna mtu atachelewa, ila safari hii atakayemlaumu ni mwenzake wa kikundi.

Sasa nikwambie ningefanya nini ningekuwa mwanachama wa kumi na mbili.

Mnachelewa kwa sababu kila mmoja wenu anamwendea mwenye trekta peke yake na ekari zake kumi au kumi na tano. Mkubwa anatangulia kwa kuwa shamba lake moja linampa dereva kazi ya wiki nzima bila kuhama. Nanyi mna ekari 140! Nendeni mwezi wa tisa au wa kumi kama mteja mmoja, na wenye matrekta wawili, si mmoja. Mpeni kila mmoja ekari 70, malipo ya awali kidogo, karatasi iliyosainiwa inayotaja tarehe ya kuanza, kina cha kulima, na kiasi kinachokatwa kwa kila siku ya kuchelewa. Pangeni mashamba yaliyo jirani yafuatane ili dereva asipoteze mafuta barabarani. Matrekta mawili yatamaliza kwa siku tisa. Na mkiwa na kazi kubwa namna hiyo, mnaweza kudai bei ishuke chini ya 50,000. Hamjatumia hata milioni moja ya akiba.

Jambo la pili ni kuacha kusubiri mvua. Muulizeni mwenye trekta kama ana ripa, au amtafute mwenye nayo. Ripa haigeuzi shamba lote, inachana mistari ya kupandia tu, na inafanya kazi udongo ukiwa mkavu, mwezi wa kumi, wakati matrekta yamekaa bure. Inavunja lile tabaka gumu ambalo jembe la sahani limelitengeneza kwa kulima kina kile kile miaka yote. Maji yanazama badala ya kukimbia. Magugu yatakuwa mengi zaidi mwanzoni, hilo lazima mjiandae nalo. Jaribuni ekari chache kwanza, kwenye shamba la mwanachama mwenye moyo wa kujaribu.

La tatu, chukueni sehemu ya akiba mnunue mashine ya kupukuchulia yenye injini yake ya dizeli. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya trekta, kijana wenu mmoja anaweza kujifunza kuiendesha na kuitengeneza, na inaingiza fedha kuanzia msimu wa kwanza. Hiyo ndiyo itawafundisha kama kikundi chenu kinaweza kumiliki chuma pamoja bila kugombana: nani anashika ufunguo, nani anaandika daftari, fedha ya matengenezo inakaa wapi. Kosa la kwenye mashine ndogo mtalilipa na maisha yataendelea.

Kabla sijafika kwenye ukaguzi, kuna jambo halizungumzwi kwenye vikao vya trekta. Takwimu za serikali za mwaka 2013 zilionyesha eneo linalolimwa kwa jembe la mkono nchini ni kama asilimia 62, ng'ombe wa kulimia asilimia 24, na trekta 14. Hizo ni takwimu za kulima tu. Palizi karibu yote bado ni mkono, na mkono wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa mwanamke. Mume anakodi trekta, anaongeza shamba kutoka ekari tano hadi kumi na mbili kwa siku mbili, kisha mke na watoto wanakabidhiwa ekari kumi na mbili za magugu. Wewe ni mwanamke na ni mkulima, sina haja ya kukueleza. Kwenye kikao chenu simama useme: kabla ya kuongeza ekari hata moja, fedha ya palizi imetengwa? Kama hakuna, pandeni kwa mistari iliyonyooka ili palizi ya maksai ipite katikati, au nunueni bomba la dawa ya magugu na mjifunze kulitumia kwa kinga.

Na ekari zinazoongezwa zinatoka wapi? Kiteto hilo si swali la vitabuni. Mashamba yameingia kwenye malisho mwaka hadi mwaka, na mwaka 2014 wakulima na wafugaji waliuana. Trekta linafungua pori kubwa zaidi kwa siku moja kuliko jembe la mkono kwa mwezi. Hakikisheni kila ekari kati ya hizo 140 ina karatasi ya kijiji inayoeleweka. Mkopeshaji ataiomba, lakini hata asipoiomba, itafuteni.

Ikiwa baada ya misimu miwili daftari lenu linaonyesha mna kazi ya siku 80 au zaidi kwa mwaka, ya kulima, kupukuchua na kubeba, rudini kwenye wazo la trekta. Msitoe akiba yote. Nendeni Mfuko wa Taifa wa Pembejeo au Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na hilo daftari mkononi. Afisa mikopo anaamini karatasi yenye tarehe na sahihi za wateja kuliko maneno matamu. Tumieni akiba kama malipo ya kuanzia, na milioni tano zikae pembeni kwa ajili ya ubovu, zisiguswe hata kwa msiba.

Na wenzako wakikushinda kwa kura, wakasema wananunua hilo la dalali sasa hivi, basi angalau msiliangalie kwa macho. Rangi mpya kwenye trekta la mtumba hainiambii kitu. Nendeni na fundi wenu mnayemlipa nyinyi, asiwe rafiki wa dalali. Mliwashe asubuhi likiwa baridi, maana likikutwa limeshapashwa moto, kuna kinachofichwa. Moshi wa buluu ni oili inaungua, moshi mweusi usiokoma ni shida ya injekta au pampu. Linyanyueni jembe juu, zimeni trekta, mnywe chai nusu saa. Mkikuta jembe limeshuka chini, hadroliki inavuja ndani. Hakikisheni namba za chesisi na za kwenye kadi zinafanana, na jina kwenye kadi ni la mtu anayekuja kusaini. Kisha mwambieni muuzaji alilete shambani, mjaze mafuta nyinyi wenyewe, mpime lita zilizoingia, lilime ekari moja nzima ya udongo wa Kiteto kwa kina mnachotaka, na mpime tena lita zilizotumika. Akikataa ekari hiyo moja, muageni mrudi nyumbani na milioni zenu.